Kipupwe na Mshono

Ukimwambia mtu wa Makete kwamba Turiani kuna baridi, atakuuliza kama umewahi kuiona baridi. Kwao, mwezi wa Saba, majani ya Kitulo huamka meupe kwa barafu. Hata hapa hapa mkoani Morogoro, watu wa Mgeta, juu Uluguru, wanaolima njegere na kabichi huku wamevaa makoti, wana haki ya kutucheka. Sisi tuko chini, miguuni mwa milima ya Nguru, kwenye miwa na mpunga, na sehemu kubwa ya mwaka malalamiko yetu ni joto na mbu. Lakini kuanzia mwezi wa Sita hadi wa Nane mambo hugeuka. Ukungu hung'ang'ania mlima Kanga hadi jua likolee, usiku upepo hushuka kutoka upande wa Mhonda, na asubuhi bati la nyumba linadondosha maji utadhani mvua imepita. Siku moja mjukuu wangu alinionyesha simu yake: digrii 17. Kijana wa bodaboda akisikia 17 anapandisha zipu ya jaketi na kuendelea na safari. Mimi nilikuwa chini ya mablanketi mawili, nina mshono mbichi kinenani, nawaza nitageukaje upande wa pili bila kupiga kelele.

Nimeishi Turiani utu uzima wangu wote na baridi hii nilikuwa siijui. Nilikuwa mtu wa boila katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, na anayejua kilimo cha miwa ataelewa mara moja. Kiwanda hakisagi miwa wakati wa masika, maana matrekta yangezama mashambani. Kinasubiri mvua zikatike na ardhi ikauke, ndipo msimu unafunguliwa. Kwa hiyo miezi ambayo kila mtu anatafuta moto, sisi tulikuwa nao kupita kiasi. Makapi ya muwa uliokwisha kukamuliwa, bagasi, ndiyo kuni za kiwanda: yanaingia tanuruni, maji yanakuwa mvuke, mvuke unazungusha mitambo na kufua umeme. Kazi yangu ilikuwa kuangalia mvuke usipungue na usizidi. Tulikuwa tunatoka shifti ya usiku alfajiri, vifungo vya mashati vimefunguliwa mpaka kitovuni, tunapishana na akina mama wa sokoni waliojitanda khanga juu ya khanga, na moyoni tunasema wanadeka.

Na baridi hiyohiyo ndiyo iliyotulipa mishahara. Muwa ukiwa kwenye mvua na joto unakimbilia kurefuka. Usiku ukipoa na maji yakipungua, unaacha kukua na sukari inajikusanya kwenye shina. Ndiyo maana muwa wa kipupwe ni mtamu kuliko wa masika. Najua mhubiri angeidaka hoja hiyo papo hapo, aseme mzee naye akitulizwa na baridi anakusanya utamu. Wiki ya kwanza mimi sikukusanya utamu wowote. Nilikusanya hasira.

Nilichopasuliwa ni ngiri. Naiandika wazi kwa sababu wanaume wa rika langu hawaisemi. Pita Madizini, utaona nguzo za umeme zimebandikwa karatasi: dawa ya ngiri, dawa ya nguvu za kiume, namba ya simu chini. Mambo hayo mawili yamewekwa kwenye karatasi moja, na mwanaume mwenye uvimbe kinenani anaona akilitaja la kwanza atakuwa amekiri na lile la pili. Basi anaufunga kwa kitambaa ndani ya suruali, usiku anaurudisha kwa kiganja, asubuhi anaendelea kubeba magunia. Ukweli wenyewe hauna aibu yoyote. Ukuta wa tumbo una sehemu dhaifu pale ambapo korodani zilipita kushuka kabla hatujazaliwa, na ukuta ukilegea utumbo unachungulia. Vitabu vya udaktari vinakadiria kwamba karibu mwanaume mmoja katika kila wanne ataipata katika maisha yake. Watazame wazee wanaocheza bao chini ya mwembe, kisha piga hesabu. Hatari iko siku utumbo unapotoka ukakataa kurudi, ukanyongwa, damu ikakosa njia. Hapo yanahesabiwa masaa, na karatasi ya kwenye nguzo haisaidii kitu.

Hospitali ya misheni ya Bwagala haiko mbali na kwangu. Siku niliyokwenda kupangiwa tarehe nilikaa kwenye benchi nikingoja zamu. Ukutani kulikuwa na tangazo linaloonekana siku hizi katika vituo vingi vya afya nchini, la kuomba mzee apishwe apate huduma kwanza. Dada mmoja aliyekuwa mbele yangu akasimama, akasema, "Pita, babu." Nikageuka kumtafuta huyo babu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta mtupu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na umri wa kustaafu kwa lazima nao ni huohuo 60. Yote hayo nilikuwa nayajua, karatasi zake ninazo kabatini. Lakini karatasi hazikunizeesha kama lile neno la dada yule. Nilimshukuru, nikapita.

Daktari, ambaye umri wake ni wa mwanangu wa mwisho, alinieleza kwamba ataweka wavu. Sehemu iliyolegea haivutwi tu na kushonwa. Inawekewa kipande cha wavu laini, nyama inaota kupitia matundu yake, ukuta unakuwa imara. Nikamuuliza kama ni wavu wa samaki. Akacheka, akasema sijakosea sana. Mashariki ya Uganda madaktari waliwapasua wanaume takribani 300, nusu wakawekewa wavu wa hospitali wa bei kubwa, nusu wavu wa kitambaa cha chandarua uliotakaswa vijidudu, na walipowafuatilia kwa mwaka mmoja hawakuona tofauti ya maana kati yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida kubwa la udaktari la Marekani. Sikumuuliza wangu utakuwa wa aina gani. Mtu aliyelala ndani ya chandarua miaka yote hii hawezi kukidharau. Nikachomwa sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi, nikasikia mikasi na mazungumzo yao kuhusu mpira, na muda si mrefu nikaambiwa tumemaliza, mzee.

Masharti niliyorudi nayo nyumbani yaliandikwa nyuma ya kadi. Wiki sita bila kubeba kitu kizito, bila jembe, bila bodaboda. Kunywa maji mengi, kula papai na mboga, maana kujikamua chooni ni marufuku. Ukikohoa, bana mto juu ya mshono. Hili la mwisho nililiona dogo mpaka mafua ya kipupwe yalipoingia nyumbani. Alianza mtoto wa jirani, akafuata mke wangu, kisha mimi. Usiku kikohozi kikininyemelea natafuta mto gizani kwa mikono miwili, naukandamiza kinenani, nakunja magoti, ndipo nakipa ruhusa. Kuna nyakati mto ulikuwa umeanguka sakafuni. Naomba usiulize zaidi.

Kwa nini baridi ya digrii 17 inamwonea mzee? Nilipata muda wa kulifikiria swali hilo kwa undani. Mwili ni boila dogo, na moto wake mwingi unawashwa na misuli. Mtu akilala kutwa, misuli haifanyi kazi, moto unapungua. Uzeeni ngozi imekuwa nyembamba, mafuta ya chini yake yamepungua, na mishipa ya damu haijibani haraka kuzuia joto lisipotee kama ilivyokuwa zamani. Kwa lugha ya kazini kwetu: bagasi kidogo, na mabomba yamevuliwa vitambaa. Nilimweleza hivyo mke wangu. Akasema yeye kwa lugha yake angesema nivae soksi.

Jioni moja aliniona natetemeka, akaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Nikamwambia litoke. Tulibishana, na hapo ndipo mahali pekee katika majuma yale nilipokataa katakata kufanyiwa jambo. Mkaa unaoungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayokamata damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Aliyelala haamki kuilalamikia. Watu wamekufa hivyo, baba na mama na watoto katika chumba kimoja, kwa sababu tu usiku ulikuwa wa baridi na jiko lilikuwa bado lina makaa. Sisi wa tanuruni tuliogopa moshi usioonekana kuliko mvuke, maana mvuke ukitoroka angalau unapiga kelele. Jiko likatoka. Mjukuu akajaza maji ya moto kwenye dumu gumu la lita tatu, akalifunga taulo, akaliweka miguuni pangu. Chupa laini za maji ya kunywa usizijaribu, zinajikunja na kumwaga.

Huyohuyo mjukuu alikwenda mnadani akaninunulia koti la mtumba. Lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya theluji: kofia yenye manyoya, zipu mbili, vifungo juu ya zipu, na mfuko wa ndani wenye stakabadhi ya duka fulani la Ulaya iliyofutika kiasi cha kubaki tarakimu mbili tatu. Nilipolivaa na kukaa barazani, watoto wa shule walisimama kunitazama. Lakini niliwahi kufikiria juu ya mwenye koti. Labda naye alistaafu. Labda aliugua. Binti wa jirani yetu anafanya kazi ya kutunza wazee Uingereza, na alipompigia mama yake na kusikia nimepasuliwa aliomba simu nipewe mimi. Akaniuliza maswali ya kikazi: baba, umeshatembea? Umepata choo? Mshono umekauka? Kisha akaniambia kwamba huko mzee anayeishi peke yake huletewa mtu wa kumwogesha na kumvalisha, kwa muda uliopimwa, na muda ukiisha mtu huyo anakimbilia nyumba nyingine. "Wewe, baba, hayo yote unayapata bure."

Neno hilo lilinikaa. Mbele yangu mke wangu alikuwa anaingia na ndoo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na bomba la mtaa wetu haliko karibu. Ana miaka 61 na magoti yake kwenye baridi yanalia. Kila asubuhi nilikuwa nasikia ndoo ikitua sakafuni, kisha pumzi yake, kisha kimya kidogo cha mtu anayeshika kiuno, kisha kuni. Nikianza kuhesabu kwa mtindo wa yule binti wa Uingereza, saa kwa saa, sidhani pensheni yangu ingefika tarehe kumi ya mwezi. Tunapenda kusema sisi Waafrika tunatunza wazee wetu, na tunasema kwa sauti kubwa zaidi tunapokuwa wanaume. Tukiulizwa "sisi" ni akina nani, jibu litakuwa na khanga kiunoni. Hii siyo hoja ya kuisifia Ulaya. Nisingebadilishana na mwenye koti. Ila neno bure nimelifuta.

Kabla ya kustaafu tulikalishwa semina, kama wanavyokalishwa wafanyakazi nchi nzima. Tulifundishwa mambo ya maana. Tuliambiwa pensheni ya kila mwezi inamtaka mtu awe amechangia miezi isiyopungua 180, tukakumbushwa kuhakiki michango yetu mapema. Tulionywa juu ya matapeli wanaojua siku mafao yanapoingia kuliko mwenye mafao. Tuliambiwa tusijenge nyumba kubwa kwa mkupuo mmoja, tusinunue gari bovu, tusioe mke mdogo, na hapo ukumbi mzima ulicheka. Tulifundishwa kufuga kuku. Lakini hakuna aliyesimama mbele yetu akasema: bwana, itafika siku utavalishwa suruali na mkeo kwa sababu huwezi kuinama, na siku hiyo utatakiwa kujua ukae vipi. Tunaandaliwa fedha za uzeeni. Mwili wa uzeeni tunakutana nao njiani kama mgeni asiyepiga hodi.

Mimi nilidhani kukaa vizuri ni kushukuru. Basi kila kikombe, asante na samahani. Kila beseni la maji ya kuoga, asante, nakusumbua, samahani. Siku ya tatu au ya nne mke wangu aliweka kikombe chini, akavuta kigoda, akakaa. Akaniambia, "Baba, asante moja inatosha. Ukiniomba samahani kila nikikuletea maji, napata kazi mbili, ya kubeba maji na ya kukubembeleza." Akanywa chai yangu kidogo, akaongeza kwamba alipopasuliwa kuzaa mtoto wetu wa tatu, mama yake na dada zake walimhudumia na hakumwomba radhi hata mmoja wao. Alikuwa anakula tu, ananyonyesha, analala. "Walikuwa wanajua kazi yao, na mimi nilikuwa najua yangu."

Kumbe na mgonjwa ana kazi yake. Sikuwa nimewahi kuisikia ikisemwa hivyo. Kazi ya mgonjwa ni kula alicholetewa kabla hakijapoa, kusema panapouma badala ya kununa, kumeza dawa kwa saa yake, kutojaribu ndoo kwa siri wenzake wakiwa sokoni. Ni kazi ya chini, haina shifti wala muda wa ziada, na mwanaume aliyezoea kuwa yeye ndiye anayeleta hapendi kuifanya. Kutoa kunampa mtu ukubwa. Kupokea kunamtaka atulie ndani ya ukubwa wa mwenzake. Naona wazee wengi tunakuwa wakali tukiugua si kwa sababu ya maumivu, ni kwa sababu hiyo.

Kilichonisaidia ni ungo. Siku moja nilimwambia mke wangu alete mchele niuchambue. Akanitazama kama homa imepanda. Lakini kuchambua mchele ni kazi ya kukaa, haina uzito, na macho yangu yamezoea kusoma mishale ya geji. Mchele wetu wa huku ukikobolewa mitaani unabaki na vijiwe vidogo vyeupe ambavyo ukubwa wake na chenga za mchele ni uleule. Siri yake ni kuutawanya kidogo kidogo kwenye ungo, ukielekea jua, na kuusogeza kwa kidole badala ya kuukodolea macho. Chenga inateleza, kijiwe kinasita. Nikawa naupenda muda ule wa saa nne, jua limeanza kupata nguvu, koti langu la theluji limefunguliwa zipu ya kwanza, ungo mapajani. Wageni wa kwanza walionikuta hivyo walijifanya hawakuona. Mpwa wangu mmoja alijaribu kuninyang'anya kwa heshima. Nikamwambia aache, kazi nimeiomba mwenyewe.

Maana wageni walikuja, na hapa nakiri kwamba Turiani hapana mgonjwa wa siri. Sisi Wazigua, kama jirani zetu Waluguru na Wakaguru, tunahesabu ukoo kwa upande wa mama, na mpwa kwa mjomba wake hana udhuru. Wapwa walileta kuni. Majirani walileta mayai, papai, kuku wa supu. Mama mmoja anayeshusha mizigo kutoka milimani alileta mkungu wa ndizi na iliki kwenye fundo la khanga, na chai yetu ikabadilika harufu kwa wiki nzima. Kila mgeni alikuwa na shangazi au kaka aliyewahi kupasuliwa, na alitaka kunieleza ilivyokwenda, hasa pale ilipokwenda vibaya. Ziara zinachosha, niseme ukweli. Kuna jioni nilijifanya nimelala. Mgeni akakaa nusu saa nzima akinitazama nilivyolala, na nikalazimika kukoroma.

Aliyenitesa ni mtani wangu. Ni Mnyamwezi, alikuja ujana wake kukata miwa na hakurudi Tabora. Utani wa Wazigua na Wanyamwezi ni wa tangu enzi za misafara iliyotoka bara kwenda pwani, kwa hiyo hakuna mamlaka hapa duniani inayoweza kumzuia. Aliingia na futi ya seremala mkononi, hakusalimia mtu, akaanza kunipima kuanzia utosini hadi kisiginoni. Akaandika kitu kwenye kiganja chake. Akatikisa kichwa. "Mzigua, mbao zimepanda bei," akasema. "Nimekuja kuona kama tunaweza kukukunja." Nilicheka kabla sijaukamata mto. Maumivu yalinipiga hadi machozi yakatoka, na yeye alipoona machozi akajua amefaulu, akaendelea, akauliza suruali zangu nitamwachia nani. Mke wangu alimtoa nje kwa mwiko. Kesho yake alirudi akasimama dirishani, akaahidi hatasema neno, na akatimiza ahadi: alinyanyua tu futi juu ya dirisha, polepole, mpaka nikaiona.

Sharti jingine la daktari lilikuwa kutembea, tangu siku ya pili. Wenye umri kunishinda walilipinga sana. Kwao mtu aliyeshonwa hulala chali mpaka apone. Na hata Ulaya na Marekani ndivyo ilivyokuwa mpaka miaka ya 1940, mgonjwa wa ngiri alikalishwa kitandani wiki kadhaa, na wengine waliuawa na damu iliyoganda kwenye miguu isiyotembezwa. Daktari mmoja wa Kanada, Edward Shouldice, aliyefungua hospitali ya ngiri Toronto mwaka 1945, alikuwa miongoni mwa waliowasimamisha wagonjwa mapema. Basi nilitembea. Kwanza hadi mlangoni, kisha hadi kwenye mwembe, kisha mtaa mzima, taratibu, mkono mmoja umeshika kinena ndani ya mfuko wa koti.

Na nikagundua kwamba mtaa wangu wa saa nne asubuhi nilikuwa siufahamu. Nilikuwa najua mtaa wa alfajiri, nikitoka shifti, na mtaa wa jioni. Saa nne nilikuwa ama kiwandani, ama usingizini. Sikujua kwamba saa hiyo fundi cherehani anatoa mashine yake nje kufuata jua na wateja wanamfuata wakakaa kuizunguka. Sikujua mwalimu mstaafu wa kona ya tatu hupita na redio yake mkononi akisikiliza taarifa ya habari, akasimama katikati ya njia ikifika kwenye hali ya hewa. Na sikujua habari ya masizi. Shamba la miwa likichomwa kabla ya kukatwa, ili majani makavu na nyoka viondoke, masizi meusi yanapanda na upepo na kushuka juu ya mji, marefu, membamba, mepesi. Mama mmoja akayaona kwanza, akapiga ukelele, na uani kote wanawake wakatoka mbio kuanua nguo. Shuka jeupe likiguswa na lile sizi halisafishiki kwa kufuta, linasambaa. Dakika mbili kamba zote zilikuwa tupu. Miaka yote ile mimi nilikuwa upande wa pili wa moto huo, nikiingoja miwa ifike, na mke wangu hakuwahi kunisimulia. Nilipomuuliza akashangaa. "Sasa ningekusimulia nini? Kwamba nimefua mara ya pili?"

Wiki ya sita imepita. Daktari amebonyeza, akanikohoza bila mto, akasema ukuta umeshika. Nianze na kilo tano, nisikimbilie gunia. Ndoo nzima bado siibebi, nabeba nusu, na mke wangu amekubali nusu hiyo bila maneno mengi. Kipupwe nacho kinaelekea ukingoni, mchana jua linaunguza na koti la theluji limerudi kwenye msumari.

Jana mtani alikuja tena, safari hii bila futi. Alikaa kwenye benchi la barazani, akanisaidia kuchambua mchele vibaya sana, akasifia papai. Nikaona anavyokaa: mguu mmoja mbele, kiganja kwenye mkunjo wa paja, na kila akitaka kupiga chafya anajishika. Nikanyamaza, maana mikao hiyo naijua. Alipoona mke wangu ameingia jikoni akainamisha kichwa akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Hivi ile sindano ya mgongo, iliuma?"

Nikamwambia iliuma kidogo, na kwamba Jumatatu tunakwenda Bwagala wote wawili, mimi ndiye nitakayeshika kadi. Akaanza kutaja kibarua, mara mahindi ya nduguye hayajapukuchuliwa, mara labda baada ya msimu kwisha. Nikamjibu kwamba asipotokea Jumatatu saa moja asubuhi, nitasimama kilabuni jioni yake na kulitangaza jambo hili mbele ya Wanyamwezi wote wa Madizini, na futi ninayo, ameisahau dirishani kwangu.